Inua Manyoya, Tazama Ngozi

Farasi anayepiga mguu chini usiku kucha hana kiburi wala hachezi. Anawashwa. Akijikuna kisigino kimoja kwa ukwato wa mguu mwingine, akijisugua nyuma ya goti kwenye mlango wa banda, akijing'ata kifundo mpaka mate yalowanishe manyoya, anakueleza jambo lile lile. Tabu ni kwamba farasi wazito wenye manyoya marefu miguuni, yale yanayoanzia nyuma ya goti na kuteremka mpaka kufunika kwato, huugua mahali ambapo jicho halifiki. Mwenye farasi anaona urembo, na chini ya urembo ngozi inaoza.

Ninaowazungumzia ni Shire wa Uingereza, Clydesdale wa Uskochi, Friesian mweusi wa Uholanzi, farasi wa kazi wa Ubelgiji na Ardennes, pamoja na wale wafupi wa mabaka wanaofugwa na jamii za Wagypsi na Wasafiri wa Uingereza na Ireland. Kila mwezi Juni, kwenye mnada wa Appleby kaskazini mwa Uingereza, utawaona wakiingizwa mto Eden na kuoshwa mpaka manyoya ya miguu yang'ae. Ni wanyama wazuri mno. Shire dume mkubwa huweza kufika tani moja, na bado mtoto akamshika kamba akamfuata kwa upole. Makala haya nawaandikia masaisi na wenye farasi wa aina hii wanaosoma Kiswahili, wawe Ulaya, Marekani au Ghuba, kwa sababu nawaona wanyama wengi wanateseka kwa jambo ambalo lingeweza kugunduliwa mapema kwa vidole vitupu.

Basi tuanzie kwenye vidole. Kila siku, kabla ya kazi au baada yake, inama ushike kila mguu. Vidole vipite chini ya manyoya, si juu yake, viguse ngozi yenyewe kuanzia nyuma ya goti mpaka kwenye lile bonde dogo lililo kati ya kifundo na ukwato, upande wa nyuma. Hapo ndipo shari nyingi huanzia. Ngozi nzima ni kavu, laini, haina joto la ajabu, na ukiisukuma inateleza kidogo. Ukigusa mba wenye mafuta, vigaga, unyevunyevu, joto, au mkunjo ambao wiki iliyopita haukuwepo, simama hapo. Linganisha na mguu wa pili. Kisha nusa vidole vyako: ngozi iliyoingia bakteria ina harufu, na ukishaizoea hutaisahau.

Mtazame pia usoni wakati unamgusa. Farasi anayewashwa, ukimkuna mahali penyewe, hujiegemeza kwako, hunyoosha mdomo wa juu na kuutikisa kwa raha. Farasi mwenye maumivu hunyanyua mguu ghafla na kulaza masikio. Tofauti hiyo itakusaidia sana utakapompigia simu daktari wa mifugo, maana kuwashwa na kuumia havitokani na chanzo kimoja.

Kwa farasi wa manyoya, chanzo cha kwanza cha kuwashwa ni utitiri. Jina lake la kitaalamu ni Chorioptes bovis, na kama jina linavyodokeza, hupatikana kwa ng'ombe pia, na hata kwa mbuzi na kondoo. Ni wadudu wadogo, chini ya nusu milimita, ambao hawachimbi ngozi kama wale wa upele wa binadamu. Huishi juu ya ngozi wakila magamba na uchafu wake, na manyoya mazito yenye joto na unyevu ndiyo makao wanayoyapenda. Wakati wa baridi huongezeka, wakati wa kiangazi hupungua, na hapo ndipo mwenye farasi hujidanganya kuwa mnyama amepona. Daktari hukwangua magamba ya ngozi, au huyanasa kwa utepe wenye gundi, kisha huyatazama kwenye hadubini. Kipimo hicho ni chepesi, na kifanywe kabla ya kutumia dawa yoyote. Kikirudi bila kuonyesha mdudu, usishangae daktari akiagiza matibabu ya utitiri hata hivyo, kwa sababu wadudu hawa hukosekana kwenye sampuli mara nyingi ilhali wamejaa mguuni.

Sasa nifike kwenye neno ambalo wenye farasi hawa hawapendi kulisikia: nyoa. Manyoya ya Shire au Friesian ni fahari yake, na wa maonyesho asiye nayo hashindi. Yakinyolewa huchukua karibu mwaka, wakati mwingine zaidi, kurudi yalivyokuwa. Najua. Lakini dawa ya kupulizia au ya kuoshea haifiki kwenye ngozi ikiwa imezuiwa na manyoya mazito yaliyoshikana kwa uchafu, na dawa isiyofika mahali pake ni pesa iliyomwagwa. Kuna wanaojaribu kupunguza kwa mkasi tu. Haitoshi. Tumia mashine ya kunyolea yenye makali mazuri, safisha miguu kwanza ili mchanga usiharibu makali hayo, nyoa ukielekea chini, na manyoya yaliyoanguka yakusanywe na kuchomwa au kutupwa mbali na banda. Farasi akikataa kushikwa kwa sababu ya maumivu, daktari anaweza kumpa dawa ya kumtuliza. Kupigana na mnyama wa kilo 900 ambaye visigino vinamuuma ni hatari kwenu nyote wawili.

Baada ya kunyoa, miguu huoshwa kwa shampuu inayolainisha vigaga na kuondoa mafuta ya ngozi. Zile zenye salfaidi ya seleni hutumika sana. Iache ikae dakika kumi, kisha suuza vizuri na kukausha. Halafu ndipo dawa ya utitiri itumike. Daktari huchagua kati ya sindano za jamii ya doramektini, dawa za kupulizia zenye fipronili, au maji ya chokaa na salfa ya kuoshea kila wiki. Nyingine kati ya hizi hazikusajiliwa kwa farasi katika nchi nyingi, ndiyo maana kipimo na uamuzi ni vya daktari, si vya jirani. Ile dawa ya minyoo ya kulambisha yenye ivermektini, ambayo karibu kila banda huwa nayo, husaidia kidogo tu, kwa sababu mdudu anayekula magamba juu ya ngozi hapati dawa nyingi kutoka kwenye damu.

Wengi hushindwa hapa: wanatibu mara moja, wanamtibu farasi mmoja, na banda wanaliacha vilevile. Mzunguko wa maisha ya mdudu huyu ni kama wiki tatu, na dawa nyingi haziui mayai. Usiporudia baada ya wiki mbili hivi kwa ratiba ya daktari, waliototolewa wataanza upya. Akiwa nje ya mwili wa mnyama, kwenye majani ya kulalia, brashi au blanketi, anaweza kudumu kwa zaidi ya miezi miwili. Kwa hiyo watibu farasi wote wanaokaa pamoja, hata wasiojikuna, na ng'ombe au mbuzi wakilala jirani uwataje kwa daktari. Ondoa matandazo yote ya banda, sugua kuta na sakafu, kila farasi awe na brashi yake. Wewe mwenyewe usihofu, wadudu hawa hawafanyi makazi kwenye ngozi ya mtu.

Kabla sijaendelea, niwaonye wasomaji wenye asili ya ufugaji wa kwetu, kwa sababu hili linaua. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi isimguse farasi. Ng'ombe anaistahimili, lakini farasi hufungwa utumbo, chakula hukwama, na anaweza kufa kwa maumivu ya tumbo. Soma kibandiko cha chupa kila mara. Mafuta machafu ya gari, ambayo watu huwapaka mbwa na punda wenye ukurutu, nayo ni sumu inayounguza ngozi. Na ukimpa farasi ivermektini ya kulambisha, mbwa asilambe iliyodondoka chini. Mbwa wa jamii ya koli, hasa, wanaweza kufa kwayo.

Chanzo cha pili ni maji. Ngozi inayolowa siku baada ya siku hulainika, hupasuka mipasuko midogo, na bakteria huingia. Mmoja anayejulikana sana ni Dermatophilus congolensis. Jina lake limetoka kwenye ardhi ya wasomaji wetu wa Kongo: daktari wa mifugo Mbelgiji aitwaye Van Saceghem alimweleza mwaka 1915 kutokana na ng'ombe wa Kongo ya Wabelgiji. Bakteria huyu hulala kwenye kigaga kikavu akisubiri. Mvua ikinyesha, hutoa vijidudu vinavyoogelea na kutafuta ngozi iliyochubuka. Ndiyo sababu wafugaji wa ng'ombe kwetu humwona msimu wa masika, na masaisi wa Ulaya humwona wakati wa matope ya baridi. Dalili yake ni vigaga vinene vyenye vishungi vya nywele. Ukiking'oa kimoja, nywele hutoka pamoja nacho zikiwa zimesimama kama brashi ya rangi, na chini yake pana ngozi nyekundu yenye usaha.

Lakini usiving'oe vikavu. Watu hufanya hivyo kwa nia njema, damu inatoka, na kesho yake hali ni mbaya zaidi. Nyoa, lowesha vigaga kwa maji ya uvuguvugu yenye klorheksidini iliyochanganywa kama kibandiko kinavyosema, subiri dakika kumi, na vile vitakavyoachia vyenyewe ndivyo uviondoe. Visivyoachia viache mpaka kesho. Viokote vyote, kwa sababu kila kigaga kina ugonjwa ndani yake, na vaa glavu, maana bakteria huyu, japo mara chache, humpata binadamu pia. Suuza. Kisha kausha, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mguu uliooshwa usipokaushwa umeuongezea maradhi. Taulo safi, ukikandamiza bila kusugua, halafu mashine ya kukaushia nywele ikiwa kwenye hewa baridi au ya uvuguvugu, kama farasi ameizoea. Waandaaji wa Shire wa maonyesho husugua vumbi safi la mbao kwenye manyoya meupe ili yakauke na kung'aa, na kwa ngozi nzima ni njia nzuri. Kwenye kidonda, hapana.

Kutoka hapo utaelewa kwa nini sipendi desturi ya kufungulia bomba la maji miguuni kila jioni. Farasi wa miguu mitupu akioshwa saa kumi na mbili, saa moja amekauka. Mwenye manyoya atalala nayo yakiwa yamelowa mpaka asubuhi. Matope yaache yakauke, uyapige brashi. Na kwa wenzetu wa Ghuba, ambako matope ni nadra, jasho na kumwagiwa maji ya kupoza mara mbili kwa siku kwenye hewa nzito ya pwani hufanya kazi ile ile ya matope ya Uingereza. Mpoze farasi kwa kummwagia mwilini, kisha miguu uikaushe kabla hajaingia bandani.

Wapo wanaopaka mafuta yaliyochanganywa na unga wa salfa ili maji yasipenye. Ni desturi ya zamani ya Waingereza, na kama kinga kwa ngozi isiyo na kidonda sina ugomvi nayo, ilimradi ujaribu kwanza sehemu ndogo na usubiri siku moja au mbili kuona kama ngozi itakataa. Kuyapaka juu ya vigaga vyenye usaha ni kuufungia ugonjwa ndani.

Kama miguu yenye shida ni ile tu yenye ngozi ya waridi chini ya manyoya meupe, na ile myeusi ya farasi huyo huyo haina neno, mtilie shaka jua. Kuna uvimbe wa mishipa midogo ya damu unaochochewa na mwanga, unaouma kuliko kuwasha, na hautibiwi kwa kuosha. Kuna pia mimea ambayo farasi akiila ngozi yake huungua juani, na maradhi ya ini yanayoleta matokeo hayo hayo. Mtoe juani na umwite daktari apime damu. Ule ukoko mkavu unaotokea nyuma ya goti la mbele na mbele ya kiungo kikubwa cha mguu wa nyuma ni jambo jingine. Mara nyingi ni hali ya ngozi kutoa magamba kupita kiasi, ambayo hulainishwa na kudhibitiwa maisha yote, na huwa mbaya pale utitiri unapojichanganya nayo.

Mambo haya yote zamani yalitiwa kwenye kapu moja na kuhesabiwa ugonjwa mmoja wa visigino. Edward Jenner, yule daktari wa chanjo ya ndui, aliandika mwaka 1798 kwamba ndui ya ng'ombe ilianzia kwenye visigino vya farasi vinavyochuruzika, ikabebwa na mikono ya watu waliowahudumia farasi kisha wakaenda kukamua. Leo tunavitenganisha vyanzo, lakini bado naona watu wakitumia chupa moja ya dawa kwa kila kitu, mwaka hadi mwaka, huku mguu ukinenepa.

Na mguu unaonenepa ndio unaonitia huzuni zaidi. Mwaka 2003 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, walieleza hali iliyowapata Shire, Clydesdale na farasi wazito wa Ubelgiji: mishipa ya limfu ya miguu, ambayo kazi yake ni kurudisha maji ya mwili kwenye damu, inashindwa kazi taratibu. Baadaye ilitambuliwa pia kwa farasi wa Wagypsi. Maji hubaki mguuni. Mwanzoni uvimbe ni laini, ukibonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki kwa muda. Farasi anaweza kuwa na miaka miwili tu, na chini ya manyoya hakuna anayeona. Miaka ikipita uvimbe huwa mgumu, ngozi hunenepa, mikunjo hujitokeza nyuma ya kifundo, kisha vinundu vigumu vinavyopasuka akitembea. Ndani ya mikunjo hakuna hewa wala mwanga, kwa hiyo utitiri na bakteria hukaa raha mustarehe. Kila shambulio la bakteria huharibu mishipa mingine ya limfu, na mguu huzidi kuvimba. Wengine huishia kulazwa usingizi wa mwisho kwa sababu hawawezi tena kutembea bila maumivu.

Ugonjwa huu hauponi. Anayekuuzia chupa ya kuuponya anakuibia. Unaweza, hata hivyo, kupunguzwa kasi, tena sana, ukishikwa mapema. Miguu ibaki imenyolewa daima, si kwa msimu. Utitiri udhibitiwe kwa ratiba hata kabla dalili hazijarudi. Mikunjo isafishwe na kukaushwa ndani, mmoja baada ya mwingine. Zaidi ya yote, atembee kila siku, kwa sababu misuli na viungo vinavyotembea ndivyo vinavyosukuma limfu ipande. Farasi mwenye hali hii kufungiwa bandani saa 23 kwa siku ni kumharakishia mwisho wake. Kuna pia tiba ya kukanda mguu kwa mikono kufuata njia ya limfu, ikifuatiwa na bendeji maalumu zisizovutika sana, zinazofungwa juu ya pamba nene. Inasaidia, ila ijifunze kwa mtaalamu. Bendeji ya kawaida ya kuvutika iliyokazwa vibaya hukata mguu.

Hali moja haingoji kesho. Asubuhi unamkuta farasi, pengine baada ya siku ya mapumziko, mguu mmoja wa nyuma umevimba ghafla mpaka pajani, unachoma ukiushika, naye hataki kuukanyaga. Pima joto. La kawaida ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi, likiwa juu ya hapo, mpigie daktari saa hiyo hiyo. Huo ni uvimbe mkali wa mishipa ya limfu, na kila saa unayopoteza huweza kumwachia mguu mnene wa kudumu.

Chakula nacho kina sehemu yake: farasi mzito kupita kiasi, anayekula nafaka nyingi bila kazi, hupata shida zaidi miguuni. Mpe nyasi kavu nzuri, madini ya kutosha, na kazi. Banda liwe na maranda au majani makavu yanayobadilishwa, kwa kuwa mkojo huunguza ngozi iliyolainika.

La mwisho ni kwa wanaonunua na wanaozalisha. Tatizo la limfu lina asili ya ukoo, na dume mwenye miguu iliyojaa mikunjo akiendelea kupandishwa kwa sababu ana manyoya mazuri, tutaendelea kuzaa wagonjwa. Unapokwenda kununua Shire, Clydesdale au farasi wa Wagypsi, usiridhike na picha wala na mbio zake uwanjani. Inama, ingiza vidole chini ya manyoya ya miguu yote minne, tafuta mikunjo na vinundu nyuma ya kifundo, bonyeza uone kama shimo linabaki, na uliza miguu ya mama na baba yake ikoje. Mlete daktari wako, asiwe wa muuzaji. Na muuzaji akikukatalia usiguse miguu, rudi nyumbani na pesa zako.